Kosa la fujo: tuchague maneno gani? Namna nne za kulifafanua, na wapi kila moja hukwama

Mtu akikamatwa Barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi saa tatu usiku kwa "fujo", wakili mzoefu haanzi kwa kuuliza alifanya nini. Anauliza ameandikiwa kifungu gani. Neno hilo moja limetawanyika katika sheria kadhaa za Kenya, na kila sheria inalieleza kivyake. Ndiyo maana kila unapozuka mjadala wa kurekebisha maana ya fujo, watu hubishana saa nzima kabla ya kugundua kwamba kila mmoja anazungumzia kifungu tofauti.

Ulinganisho huu ni wa yule anayetakiwa kutoa maoni: mwanachama wa chama cha wakazi, msaidizi wa kisheria mtaani, karani wa kamati ya bunge. Swali ni moja. Maneno yakibadilishwa, yawe ya aina gani ili askari ajue amkamate nani, hakimu ajue athibitishiwe nini, na mwananchi ajue mapema lipi ni kosa?

Tulicho nacho

| Sheria | Inasema nini | Adhabu ya juu |
|---|---|---|
| Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63), kifungu cha 95(1)(b) | Kugombana au kuzua vurugu kwa namna inayoelekea kuleta uvunjifu wa amani | Miezi 6 gerezani |
| Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 182 | "Mtu mvivu na mwenye fujo": orodha ya watu na mienendo | Kosa la kwanza: mwezi 1 au faini ya shilingi 100, au vyote, kurudia: mwaka 1 |
| Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, kifungu cha 33 | Kulewa na kufanya fujo, au kulewa hadi kushindwa kujimudu, mahali pa umma au karibu napo | Faini ya shilingi 500 au miezi 3, au vyote |

Juu ya hizo kuna sheria za kaunti kuhusu kero za umma. Mamlaka hayo kaunti inayo kihalali: Jedwali la Nne la Katiba linaipa udhibiti wa kelele na kero nyinginezo za umma. Lakini sheria ya jinai na polisi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo ukitaka kubadilisha kifungu cha 95, usipeleke karatasi yako City Hall, makao ya kaunti. Wengi hupoteza wiki mbili hapo.

Namna ya kwanza: kumtaja mtu

Hii ndiyo ya zamani zaidi. Sheria haisemi "ukifanya hivi", inasema "mtu wa aina hii". Maneno "mtu mvivu na mwenye fujo" yametoka katika sheria ya uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824, yakasafiri na ukoloni hadi vitabu vya sheria vya nchi nyingi za Afrika. Kenya ilifuta Sheria ya Uzururaji mwaka 1997, lakini lugha yake ikabaki imekaa ndani ya kifungu cha 182.

Kwa askari, namna hii ni rahisi mno. Hahitaji mlalamishi wala tukio. Anachohitaji ni mtu asiye na maelezo ya kuridhisha kuhusu alikotoka, na mjini hapa mtu wa hivyo ni nusu ya wanaotembea usiku, kuanzia muuza mayai hadi mlinzi anayerudi Mukuru kwa miguu.

Mahakama za Afrika zimeshasema neno lake. Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilibatilisha sehemu ya kifungu cha wazururaji katika kesi ya Mayeso Gwanda, mchuuzi wa mifuko ya plastiki aliyekamatwa alfajiri akienda kuuza bidhaa zake. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, na kwamba mataifa yanapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafuata njia hiyohiyo mwaka 2022.

Hapa hakuna cha kupima sana. Mswada wowote unaotaja hali ya mtu (hana kazi, hana makao, anaonekana hivi) badala ya kitendo chake, upendekeze ufutwe mstari mzima. Usijaribu kuunyoosha.

Namna ya pili: kutaja linalohofiwa

Hiki ndicho kifungu cha 95, na ndiyo namna inayohitaji subira kuielewa kwa sababu mashtaka ya fujo tunayoyasikia kortini mara nyingi huandikwa chini yake. Kina vipande viwili: kwanza vurugu, halafu "kwa namna inayoelekea kuleta uvunjifu wa amani". Kipande cha kwanza kila mtu anakielewa. Cha pili ndicho kinacholeta taabu, maana Kanuni ya Adhabu yenyewe haielezi uvunjifu wa amani ni nini.

Faida yake ni upana. Sheria haihitaji kukisia kila aina ya fujo ambayo binadamu atabuni. Ugomvi wa maji ploti, mtu anayepiga geti la jirani kwa jiwe saa nane usiku, vijana wawili wanaoshikana mashati nje ya duka: vyote vinaingia bila kutajwa.

Hasara yake pia ni upana. Fikiria mhubiri anayesimama Bustani ya Jeevanjee mchana akiikosoa dini ya wengine bila kumtisha mtu. Wasikilizaji wakiwa wapole, hana kosa. Wakiwa na hasira za karibu na mmoja akaokota chupa, maneno yaleyale yamekuwa kosa. Yaani hatia ya msemaji inategemea subira ya anayemsikiliza, na mwenye chupa ndiye anayeamua mipaka ya uhuru wa kusema. Ukiacha neno "inayoelekea" bila kulifunga, ndilo tokeo lake.

Pili, karatasi ya mashtaka hujaa maneno ya jumla. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinataka shtaka liwe na maelezo ya kutosha kumwezesha mtu kujua anashtakiwa kwa lipi. Shtaka linaloandikwa "alizua vurugu kwa kupiga kelele na kutoa vitisho", bila kusema alitamka nini, alimtamkia nani, na nani alielekea kupigana, halimpi mshtakiwa kitu cha kujibu. Likifika mbele ya hakimu makini, linatikisika.

Kama kamati imeamua kubaki na namna hii, kuna dawa ya sentensi moja. Mwaka 1981, katika kesi ya Howell, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilieleza uvunjifu wa amani kuwa ni madhara yanayotendeka au yanayoelekea kutendeka kwa mwili wa mtu, au kwa mali yake akiwapo, au hofu ya madhara hayo. Maana hiyo ikiandikwa ndani ya sheria, kelele tupu inabaki nje na ngumi inabaki ndani. Si tiba kamili, kwa sababu mwenye chupa wa Jeevanjee bado yupo, lakini inapunguza sana kubahatisha.

Namna ya tatu: kumtazama aliyesikia

Uingereza yenyewe, baba wa lugha yetu ya sheria, ilihama. Sheria yake ya Utulivu wa Umma ya 1986, kifungu cha 5, inauliza mambo mawili: je, maneno au mwenendo ulikuwa wa vitisho, wa matusi mazito au wa fujo? Na je, palikuwa na mtu ndani ya upeo wa kuona au kusikia ambaye angeweza kusumbuliwa, kutishika au kufadhaika? Adhabu ni faini tu, hakuna jela. Mshtakiwa ana utetezi tatu zilizoandikwa: kwamba hakuwa na sababu ya kuamini kuna mtu karibu, kwamba alikuwa ndani ya nyumba na hakuwa na sababu ya kuamini mtu wa nje angemsikia au kumwona, au kwamba mwenendo wake ulikuwa wa busara kwa mazingira yale.

Kifungu hicho kina funzo kwa yeyote anayerekebisha sheria. Mwanzoni kilikuwa pia na neno la "kudharau" au "kutukana". Kampeni ndefu ilisema neno hilo linakamata watu kwa kumkera mwenzao tu. Bunge likaliondoa kwa sheria ya 2013, iliyoanza kutumika kwa neno hilo Februari 2014. Neno moja lilitolewa, kifungu kikabaki kimesimama na kinatumika hadi leo. Ukiambiwa kortini au kamatini kwamba kugusa neno moja kutaiacha polisi mikono mitupu, mfano ni huo.

Udhaifu wake kwa Nairobi ni msongamano. Katika mji ambako mtu yeyote anayezungumza barabarani anasikiwa na watu arubaini, sharti la "palikuwa na mtu karibu" halichuji chochote. Kijijini Wales huenda linachuja.

Namna ya nne: vitendo, nia na onyo

Marekani, Taasisi ya Sheria ya nchi hiyo ilichapisha mwaka 1962 mfano wa kanuni ya adhabu ambao majimbo mengi yaliuchota. Kifungu chake cha 250.2 kinaanza na nia: mtu awe amekusudia kuleta usumbufu, kero au taharuki kwa umma, au amejua hatari hiyo na akaipuuza. Ndipo kinafuata vitendo: kupigana, kutishia au kufanya ghasia, kupiga kelele zisizo na kiasi au kutoa lugha chafu na matusi, na kuweka hali ya hatari au ya kuchukiza isiyo na faida yoyote halali.

Kilicho bora ndani yake ni daraja za adhabu. Kwa kawaida fujo si kosa la jinai kamili, ni ukiukaji mdogo. Inapanda daraja iwapo mtu alikusudia madhara makubwa, au aliendelea baada ya kuonywa vya kutosha aache. Onyo linafanya kazi mbili: linampa mtu nafasi ya kutulia, na linampa hakimu ushahidi wa nia bila kusoma mawazo ya mtu.

Kilicho kibaya ni neno "kero". Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya mji wa Cincinnati iliyokataza watu watatu au zaidi kusimama kando ya njia na kuwakera wapitao, kwa sababu kinachomkera huyu hakimkeri yule. Kwetu, mahakama hupima hivyohivyo. Aprili 2016, katika kesi ya Geoffrey Andare, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, sababu moja ikiwa ni maneno mapana yasiyomwonyesha mtu mpaka. Kwa hiyo chukua mifupa ya namna hii ya nne, na neno "kero" uliache huko lilikotoka.

Tuzipeleke stejini

Abiria amepanda Odeon akiambiwa nauli ni 50. Kufika Ngara makanga anadai 100. Abiria anakataa, makanga anasimama mlangoni, anapiga bodi ya gari kwa kiganja, anamwaga matusi, na kumwambia "hushuki hapa mpaka ulipe, nitakuonyesha". Abiria naye anajibu kwa matusi yaleyale. Trafiki na askari wa doria wanafika.

Kwanza, je, ndani ya matatu ni mahali pa umma? Ndiyo. Kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu kinajumuisha chombo cha usafiri ambacho umma unaruhusiwa kuingia, hata kwa kulipa.

Kwa namna ya kwanza, anayekamatwa ni yule anayeonekana ovyo, na hilo linatosha kuikataa. Kwa ya pili, wote wawili wanapanda gari la polisi, maana wote walizua vurugu iliyoelekea kwenye ngumi. Ndivyo inavyotokea kila siku: mdai na mdaiwa wanalala seli moja. Kwa ya tatu, inatosha kwamba mama aliyekaa kiti cha mbele na mtoto alifadhaika. Tena wote wawili wana kosa. Kwa ya nne pekee ndipo wanatengana: makanga aliziba mlango na kutishia, abiria alitukana tu, na hilo ni ukiukaji mdogo. Askari akimwambia makanga "pisha mlango" naye akakataa, daraja limepanda.

Namna inayoweza kumtofautisha makanga na abiria ndiyo ninayoipendekeza. Ikiandikwa kwa mahitaji ya hapa, ingekuwa hivi:

"Mtu anatenda kosa iwapo, akiwa mahali pa umma, kwa kukusudia kuleta hofu ya madhara au kumzuia mwingine kupita, au kwa kupuuza hatari hiyo aliyoijua: (a) anapigana, au anamtishia mtu kwa madhara, au (b) bila sababu halali, anaziba njia, mlango au ngazi, na anaendelea baada ya ofisa aliyejitambulisha kumtaka apishe. Kifungu hiki hakimhusu mtu anayetumia kwa amani haki iliyo katika Kifungu cha 37 cha Katiba."

Sentensi ya mwisho, inayolinda haki ya kukusanyika na kuandamana, isikosekane. Bila hiyo, aya ya (b) itakuwa chombo cha kuvunjia maandamano Kenyatta Avenue kabla jua halijapanda. Na angalia kisichokuwapo: mkia wa "au mwenendo mwingine wowote wa fujo". Waandishi wa miswada wanaupenda mkia huo kwa kuogopa kuacha pengo. Ukiuongeza, umerudi namna ya pili kwa mlango wa nyuma.

Onyo nalo lina mtego. Kila askari atasema alionya. Pendekeza kwamba saa ya onyo na maneno yaliyotumika yaandikwe kwenye kitabu cha matukio kituoni wakati wa kumpokea mshukiwa, si siku ya kuandika ushahidi.

Kelele na ulevi viondolewe hapa

Kelele ina kipimo, kwa hiyo haihitaji maneno ya kukisia. Kanuni za 2009 za kudhibiti kelele chini ya sheria ya mazingira zinaweka, kwa nje ya makazi, desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa mbili na dakika moja. Baa ya Roysambu inayotikisa madirisha ni kazi ya mita na leseni. Ukiifanya kuwa fujo, utamkamata mhudumu wa zamu na spika itabaki palepale.

Ulevi ni mgumu zaidi kidogo. Kifungu cha 33 cha sheria ya vileo, ile wengi walioiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, kinamweka kwenye kapu moja mlevi anayerusha viti na mlevi aliyelala kando ya mtaro Luthuli. Wa kwanza tayari ameshikwa na aya ya (a) hapo juu. Wa pili hajamsumbua mtu. Hatari iliyopo ni yake mwenyewe, kwa baridi au kwa gari. Maneno "kulewa hadi kushindwa kujimudu" yafutwe kama kosa, yaandikwe kama wajibu wa kumfikisha mahali salama.

Adhabu: namba moja ya kulinda

Watu hubishana juu ya maana na kusahau safu ya adhabu, na hapo ndipo mswada mzuri huharibika. Kifungu cha 49(2) cha Katiba kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kifungu cha 95(1)(b) kimekaa juu ya mpaka huohuo, miezi sita kamili. Mbunge akipandisha hadi mwaka mmoja "ili kuonyesha uzito", ameondoa kinga hiyo kwa neno moja, na mgomvi wa nauli anaweza kungojea kesi yake katika gereza la Industrial Area.

Angalia pia faini. Kifungu cha 95 hakitaji kiasi. Kiasi kisipotajwa, kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kinaiachia korti itoze inachoona, mradi kisipite kiasi. Kifungu hichohicho ndicho kinachopanga muda wa juu wa jela kwa asiyelipa: faini isiyozidi 500, siku 14, hadi 2,500, mwezi mmoja, hadi 15,000, miezi mitatu, hadi 50,000, miezi sita. Ona ngazi ya pili na ya tatu. Faini ya 2,500 na ya 3,000 zimepishana shilingi 500, lakini kwa asiye na pesa zinaweza kupishana miezi miwili. Kwa kosa la daraja la chini, pendekeza faini isiyozidi 2,500 na jela isiwepo. Kwa aliyeendelea baada ya onyo au aliyepigana, kisizidi miezi sita, na huduma kwa jamii itajwe waziwazi japo sheria ya 1998 tayari inairuhusu kwa makosa ya hadi miaka mitatu.

Ukiandika maoni yako

Kamati inasoma haraka. Tumia safu tatu: namba ya kifungu, maneno unayotaka yawekwe au yafutwe, na sababu isiyozidi mistari minne. Maneno yaandikwe kamili jinsi yatakavyosomeka. "Kifungu kirekebishwe ili kilinde haki" hakiwezi kuingizwa popote na kitaachwa. Kwa Bunge la Taifa unaweza pia kuleta ombi rasmi chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba. Kwa kaunti, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinakupa haki hiyo mbele ya bunge la kaunti.

Mstari wa mwisho wa jedwali lako uwe wa kesi zilizoko kortini. Kifungu kikifutwa bila kusema lolote, sheria ya kutafsiri sheria, Sura ya 2, huziacha kesi zilizoanza ziendelee. Kama lengo ni kwamba waliokamatwa kwa maneno ya zamani waachiliwe, mswada uyatamke hayo wenyewe. Na mshtakiwa ambaye bado hajapewa adhabu ataje Kifungu cha 50(2)(p) cha Katiba, kinachompa iliyo nyepesi kati ya adhabu ya zamani na mpya.